Sumu inayokamilishwa na ini: uchambuzi wa kisa cha mahindi ya Makueni na Kitui, 2004

Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 katika mikoa ya Mashariki na Kati ya Kenya waliorodheshwa kuwa wamepatwa na manjano ya ghafla ambayo chanzo chake hakikujulikana, na 125 kati yao walifariki. Wengi walitoka katika wilaya za Makueni na Kitui, na waliobaki wakatoka zaidi Machakos na Thika. Hii ina maana kwamba karibu wanne katika kila wagonjwa kumi walikufa, kiwango ambacho homa ya ini ya kawaida inayoletwa na virusi haikifikii ila kwa nadra sana. Vipimo vya virusi vya ini vilipofanywa na kukosa kuonyesha chanzo cha mlipuko, macho ya wachunguzi yalihama kutoka kwa wagonjwa yakaelekea kwenye magunia ya mahindi, ambamo ilikuwamo sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini.

Naanza na idadi hiyo kwa sababu inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Aliyehesabiwa ni yule aliyekuwa na macho ya manjano na akafika mahali ambapo kuna mtu wa kuandika. Mtoto aliyetapika siku tatu kisha akafa nyumbani kabla macho hayajabadilika rangi hakuingia katika orodha, wala mama aliyeumwa tumbo wiki nzima halafu akapata nafuu baada ya chakula cha ndani kumalizika. Kwa hiyo 317 ni idadi ya walioonekana, nami nitaitumia hivyo hivyo katika uchambuzi huu.

Mahindi yaliyohusika yalivunwa mwezi Februari. Eneo la Ukambani, yaani nchi ya Wakamba yenye Makueni, Kitui na Machakos, lilikuwa limetoka katika ukame na chakula kilikuwa haba, halafu mvua zikaja kabla ya majira yake, zikayakuta mahindi yakiwa shambani au yakiwa ndiyo kwanza yanaingizwa nyumbani. Mkulima aliyekuwa na njaa hakuwa na nafasi ya kusubiri jua la wiki mbili. Tena palikuwa na jambo ambalo mtu wa mjini hulisahau: wakati wa upungufu, mahindi huibwa. Ghala la nje, lile lililoinuliwa juu ya nguzo na kupitisha upepo kila upande, ndilo bora kwa kukausha nafaka, lakini pia ndilo rahisi kuvunjwa usiku. Familia nyingi ziliyaingiza mahindi yao ndani ya nyumba, yakalazwa sakafuni au kusukumwa kwenye pembe ya chumba cha kulala yakiwa bado yana unyevu, katika hewa isiyotembea. Dhidi ya mwizi yalikuwa salama. Kuvu ndio waliopata walichokitaka.

Kuvu wenyewe ni Aspergillus flavus, jamii inayoishi katika udongo wa sehemu kubwa ya nchi za joto na ambayo huota kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano. Hushambulia hindi shambani, hasa mmea ulioteswa na ukame au punje zilizotobolewa na wadudu, kisha huendelea na kazi ghalani iwapo nafaka haijakaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Si kila kuvu wa jamii hii hutoa sumu, na wanaotoa hawatoi kwa kiasi kimoja. Wataalamu waliochunguza punje zilizobaki kutoka maeneo ya maafa walikuta kwamba aliyetawala alikuwa wa aina inayoitwa S, yenye kutengeneza vidonge vidogo vingi vyeusi vya kujihifadhi na yenye sifa ya kutoa sumu nyingi sana, wakati aina ya kawaida zaidi, yaani L, ilikuwa chache. Hilo lilitatua nusu ya swali la kwa nini Ukambani na kwa nini mwaka ule: ukame, mvua ya wakati usio wake na chumba chenye joto vilikutana na kuvu ambao tayari walikuwa wazalishaji wakubwa.

Sumu inayozungumzwa ni aflatoksini, mojawapo ya zile ambazo kwa Kiswahili zimekuja kuitwa sumukuvu. Jina lake limetokana na jina la kuvu huyo, na lilizaliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Wanakemia walitenganisha aina kadhaa na kuzipa herufi kwa rangi zinazotoa zinapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno: B ni za buluu, G ni za kijani. Aflatoksini B1 ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo iliyojaa katika mahindi ya 2004.

Kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini Kenya wakati huo kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni, sawa na mikrogramu 20 katika kilo moja ya nafaka. Baadhi ya mahindi yaliyochukuliwa katika eneo la maafa yalikutwa na sehemu 4,400, yaani mara 220 ya kiwango hicho. Uchunguzi mwingine ulipita katika masoko 65 na kuchukua sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka kwa wauzaji 243: asilimia 55 zilivuka 20, asilimia 35 zilivuka 100, na asilimia 7 zilivuka 1,000. Tarakimu hizi za sokoni zinatisha kwa namna ya pekee, kwa kuwa zinaonyesha kwamba nafaka mbovu haikubaki kwa aliyeilima. Mkulima mwenye shida ya ada au dawa huuza debe mbili tatu, mfanyabiashara huchanganya, na yule aliyekosa mavuno huja kununua. Unaweza kuwa hukulima kabisa mwaka ule na bado ukala sakafu ya jirani yako.

Hata hivyo, kuwapo kwa sumu katika mahindi na kuwapo kwa ugonjwa katika kijiji kimoja hakuthibitishi kwamba la kwanza limezaa la pili. Huenda wagonjwa na wazima walikuwa wakila mahindi yaleyale, na kilichowaua wagonjwa kikawa kingine. Ili kulijibu hilo, wachunguzi walichagua wagonjwa 40 na kuwalinganisha na watu 80 wasiougua waliopatikana kwa bahati nasibu, wakawahoji, wakapima mahindi yao ya nyumbani na wakachukua damu yao. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kisa hiki kinapata uzito wa kisayansi ambao visa vingi vya sumu ya chakula havina, maana kwa kawaida anayefika kuchunguza hukuta sufuria imeshaoshwa.

Mahindi yaliyolimwa na familia za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354.53 kwa bilioni, na ya wasiougua sehemu 44.14. Waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba walikuwa na hatari kubwa zaidi, hasa yalipokuwa na unyevu. Katika damu, alama ya aflatoksini iliyojishikiza kwenye protini ya albumini ilikuwa na wastani wa nanogramu 1.2 kwa kila miligramu ya albumini kwa wagonjwa, dhidi ya 0.15 kwa wazima: tofauti ya mara nane katika damu, sawa kabisa na tofauti ya mara nane katika magunia.

Tulia kidogo kwenye tarakimu ya mahindi ya wazima. Mtu mzima anayekula gramu 400 za mahindi kwa siku, kiasi ambacho si kikubwa kwa nyumba inayotegemea ugali na isyo (mahindi yaliyochemshwa na maharage), angemeza mikrogramu 142 hivi kutoka katika gunia la wastani la wagonjwa, na mikrogramu 18 hivi kutoka katika gunia la wastani la wasiougua. Gunia lililokuwa mpakani mwa sheria lingempa mikrogramu 8. Ina maana kwamba kundi lililoitwa zima, kundi la kulinganishia, lilikuwa likila zaidi ya maradufu ya kiwango kilichoruhusiwa. Walikuwa wazima kwa maana moja tu, kwamba macho yao yalikuwa meupe. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa kilichokuwa kikitokea ndani ya seli zao kilitofautiana na cha wagonjwa kwa kiasi, na kilikuwa kilekile kwa aina.

Sasa tuifuate sumu hadi ndani. Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba aflatoksini B1, kama inavyomezwa, haina makali makubwa. Ni molekuli ndogo yenye umbo bapa inayopenda mafuta, kwa hiyo hupenya ukuta wa utumbo bila kizuizi na kubebwa na ule mshipa unaokusanya damu yote ya matumbo na kuipeleka kwenye ini kabla ya kwenda kwingine kokote. Mpangilio huo wa mwili una hekima yake: ini ndilo forodha, kila kilicholiwa hukaguliwa pale kwanza. Ndani ya seli zake kuna vimeng'enya vya ukoo wa saitokromu P450, ambavyo kazi yake ya kila siku ni kukamata kemikali ngeni zinazopenda mafuta, kuzipachika oksijeni, na hivyo kuzifanya ziyeyuke majini ili zitoke kwa mkojo au kwa nyongo. Dawa nyingi tunazomeza hupitia mikononi mwa vimeng'enya hivyo, na bila hivyo zingetusonga.

Kwa aflatoksini, kazi hiyo njema huzaa msiba. Vimeng'enya viwili vya ukoo huo, CYP3A4 na CYP1A2, huipachika oksijeni mahali pabaya, kati ya kaboni ya 8 na ya 9, na kinachotokea ni epoksaidi, kiumbe cha kemikali chenye pete ya pembe tatu iliyobanwa mno na inayotafuta popote pa kufungukia. Ndani ya maji, nusu ya molekuli za epoksaidi hiyo huvunjika katika muda wa sekunde moja hivi. Sekunde moja haitoshi kusafiri mwilini, lakini inatosha kugusa chochote kilicho jirani katika seli ileile iliyoitengeneza. Hiyo ndiyo sababu sumu iliyoingia kwa mdomo na kupita tumboni bila kuliharibu sana inakwenda kuliteketeza ini: ini ndiko sumu inakokamilishwa.

Epoksaidi ina njia tatu mbele yake, na hatima ya seli hutegemea ni nyingi kiasi gani zimepita katika kila njia. Njia ya usalama ni kukutana na glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa ambayo seli huiweka akiba kwa ajili ya wageni wa aina hii. Kimeng'enya maalumu huwaunganisha wawili hao, na kilichofungwa hutolewa nje. Panya wadogo wa nyumbani wana kimeng'enya cha namna hiyo chenye kasi kubwa, ndiyo maana huvumilia kiasi cha aflatoksini ambacho humuua panya mkubwa wa maabara. Cha binadamu ni kizito katika kazi hii, na akiba ya glutathioni ya mtu aliyepitia miezi ya njaa huwa ndogo tangu mwanzo. Ukame wa Ukambani, basi, uliwapa kuvu nguvu shambani na papo hapo ukawanyang'anya watu ngao ndani ya seli.

Njia ya pili ni kuvunjwa na maji. Kinachopatikana hubadilika kikawa kitu chenye ncha mbili zinazoshika protini, hasa pale penye asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo laisini. Protini iliyoshikwa hivyo huweza kupoteza umbo lake na kazi yake. Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika damu, hutengenezwa na seli hizi hizi za ini, kwa hiyo nayo hushikwa, kisha hutoka kwenda kuzunguka mwilini ikiwa imebeba muhuri. Nusu ya albumini ya mwili hubadilishwa katika siku 20 hivi, kwa hiyo tone la damu lililochukuliwa kijijini lilikuwa likisimulia chakula cha wiki nyingi zilizopita. Kile kipimo cha 1.2 dhidi ya 0.15 kilikuwa ushahidi uliotoka ndani ya seli kwamba sumu ilifika, ikawashwa, na ikapiga; hakikutegemea kumbukumbu ya mgonjwa wala bahati ya kuchota punje sahihi kutoka katika gunia. Bahati hiyo si ndogo, kwa sababu aflatoksini haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na mkono ukichota upande mwingine utaleta jibu safi.

Njia ya tatu ni DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Umbo bapa la aflatoksini huiwezesha kujipenyeza katikati ya vidato vya ngazi ya DNA, na epoksaidi iliyojipenyeza hivyo hukuta guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, iko karibu kabisa, ikajifunga kwenye naitrojeni yake ya saba. Seli ina mafundi wa kukata kipande kilichochafuka na kushona kipya. Uharibifu ukiwa mchache, hukarabatiwa, ingawa mara moja moja fundi hukosea. Ukiwa mwingi kwa mkupuo, uandishi wa RNA, nakala inayotumika kutengeneza protini, kutoka kwenye DNA husimama, protini mpya hazitengenezwi, mitokondria hushindwa kutoa nishati, utando wa seli hulegea, na seli hufa. Seli moja ikifa si kitu, ini hujijenga upya kuliko kiungo chochote kingine. Lakini mahindi ya sehemu elfu kadhaa kwa bilioni, yakiliwa mchana na usiku kwa wiki, huua seli haraka kuliko zinavyozaliwa.

Dalili zilizoandikwa katika kisa hiki zinasomeka vizuri zaidi mtu akiwa ameishika picha hiyo. Maumivu ya tumbo upande wa kulia, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni ini lililovimba. Manjano ni bilirubini, taka ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambayo seli za ini zilizo hai huichukua na kuitupa kwenye nyongo. Zikifa, hubaki katika damu na kupaka macho na ngozi. Miguu na tumbo kujaa maji kunatokana kwa sehemu na albumini kupungua, kwa kuwa ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa. Kutokwa damu ni kukosekana kwa protini za kugandisha damu, nazo hutengenezwa hapohapo. Mwishoni akili huvurugika, mgonjwa husinzia na kupoteza fahamu, kwa sababu amonia ambayo ini lilikuwa likiigeuza kuwa yurea sasa inafika kwenye ubongo. Dawa ya kuigeuza hali hiyo haipo. Hospitali inaweza kushikilia maji, sukari na damu ya mgonjwa huku ikisubiri kuona kama seli zilizobaki zitatosha, na katika hospitali ya wilaya hata hayo ni mengi.

Kwa nini katika nyumba moja, sufuria moja, mmoja alikufa na mwingine akapona? Kiasi alichokula kila mmoja kwa uzito wa mwili wake ni jibu mojawapo, na mtoto hula kingi kwa uzito wake. Jingine lilitokea katika damu ya wale 40 na 80: alama ya virusi vya homa ya ini aina ya B ilionekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima, na ikabaki kuwa sababu ya hatari yenyewe hata kipimo cha aflatoksini kilipozingatiwa. Ini lililokuwa tayari na wapangaji halikuwa na seli za akiba. Wale waliotaka kisa hiki kiwe cha virusi au cha sumu, kimoja au kingine, hawakupata walichokitaka.

Ningependa kusema kwamba yote haya yalikuwa mapya mwaka 2004, lakini hayakuwa. Miaka 23 kabla, kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Juni 1981, wagonjwa 20 wenye ini lenye maumivu walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo bado ilijumuisha Makueni. Kumi na wawili walikufa ndani ya siku 1 hadi 12 tangu kulazwa. Mahindi ya familia mbili zilizoathirika vibaya yalikuwa na hadi sehemu 12,000 kwa bilioni za aflatoksini B1, na ini lililochunguzwa baada ya kifo lilikutwa na hadi sehemu 89. Madaktari walioandika taarifa ile katika jarida la kitabibu waliweka pia jambo dogo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo la thamani kuliko vipimo: njiwa wa eneo hilo walikufa kwanza, kisha mbwa waliokuwa wakila chakula kimoja na wenyeji. Ndege waokota punje, mbwa wala makombo, halafu watu. Mlolongo mzima wa onyo ulipita uani mwa nyumba, na ungeweza kusomwa na yeyote asiye na maabara. Sijui ni afisa gani wa mifugo au wa afya mwaka 2004 aliyekuwa ameambiwa aulize habari za njiwa.

Jambo jingine lililojulikana ni kwamba jiko halisaidii. Aflatoksini huvumilia moto zaidi ya maji yanayochemka kwa mbali sana, kwa hiyo ugali uliosongwa hadi ukaiva barabara hubaki na sumu yake. Kinachopunguza ni kukoboa. Sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini cha punje, na Wakamba wana muthokoi, mahindi yanayotwangwa hadi ganda litoke kabla ya kupikwa na maharage au kunde. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba utengenezaji wa muthokoi hupunguza aflatoksini kwa kiasi kikubwa ingawa hauimalizi. Inasikitisha kwamba kukoboa hupunguza pia uzito wa chakula, na mwenye njaa hatupi kitu. Ni yule aliyesaga nzimanzima, ili unga utoshe, ndiye aliyekula sumu yote.

Hatua iliyochukuliwa mwaka 2004 ilikuwa ya moja kwa moja: kuwaambia watu wasile mahindi yaliyoota ukungu, kuyaondoa yaliyojulikana kuwa mabaya, na kugawa mengine badala yake. Iliokoa watu, sina shaka. Ila sehemu yake ya kwanza ilikuwa dhaifu, kwa kuwa punje inaweza kuwa na sumu nyingi bila ukungu kuonekana tena, hasa ikishapukuchuliwa, kupepetwa na kuchanganywa. Mtu aliyeambiwa atumie macho alipewa kipimo ambacho soko lilikuwa limeshakishinda. Visa vilirudi katika mwaka 2005 na 2006, kwa wagonjwa wachache zaidi.

Kilichofuata kwa muda mrefu zaidi kilitoka kwa kuvu wenyewe. Iwapo katika shamba moja kuna wanaotoa sumu na wasiotoa, basi wasiotoa wakimwagwa wengi mapema watajaza nafasi na kuwabana wenzao. Hiyo ndiyo kazi ya Aflasafe KE01, iliyoidhinishwa Kenya mwaka 2015 na kuja kutengenezwa Katumani, Machakos: nafaka za mtama zilizouawa kwa joto zisiote, zikapakwa mbegu za kuvu wa kienyeji wasio na uwezo wa kutengeneza aflatoksini, na kumwagwa shambani kilo 10 kwa hekta wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Ni njia nzuri, ila ni gharama inayolipwa kabla ya mavuno na mkulima asiyejua kama mvua itakuja. Tena haikaushi mahindi yaliyolazwa chumbani yakiwa mabichi.

Katikati ya mwaka 2016 dalili zilezile zilitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakafa, na mahindi ya nyumbani yakakutwa na aflatoksini kwa wingi. Mazingira yalifanana na ya Ukambani kiasi kwamba mtu angeweza kubadili majina ya vijiji tu.

Nimeahidi kurudi kwa wale waliokuwa na macho meupe. Wagonjwa 192 walionusurika katika orodha ya 2004, pamoja na maelfu waliokula mahindi ya sehemu 44 bila kuingia katika orodha yoyote, walibaki na ini lililojijenga upya au lililokuwa halijaanguka. Katika miezi michache albumini yenye muhuri ilikuwa imekwisha kubadilishwa, na damu yao ingepimwa mwisho wa mwaka ule, baada ya chakula safi, isingeonyesha kitu. DNA haina utaratibu huo. Pale fundi alipokosea, guanini ikasomwa kama thaimini, na kosa likarithishwa kwa kila seli iliyozaliwa wakati ini likijijenga upya. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na vivimbe vya saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na jingine kutoka kusini mwa Afrika, maeneo yote mawili yakiwa ya aflatoksini na ya homa ya ini ya B, yalikuta kosa la namna hiyo limejirudia mahali pamoja kabisa: herufi ya tatu ya kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 katika jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike. Herufi hiyo ikibadilika, asidi amino ajinini katika protini hiyo huwa serini, na mlinzi hulala. Saratani inayoweza kutokea hapo huchukua miaka mingi kuonekana. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano Makueni mwaka 2004, akala kutoka katika sufuria ileile na asiumwe hata siku moja, leo ni mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, na hakuna aliyeandika jina lake.